Sidi Mubarak Bombay, kapita aliyejua Ruzizi inaelekea wapi

Mutoto wa Kavimvira hana haja ya kitabu kusudi ajue Ruzizi inaelekea wapi. Anaona maji ya rangi ya udongo yakishuka toka Bukavu, yakipita Kamanyola na Luvungi, kisha yakiingia mu ziwa kati yetu na Bujumbura. Lakini kulikuwa wakati ambapo wakubwa wa London walibishana miaka kumi na mitatu juu ya ile jambo: Ruzizi inaingia mu Tanganyika ao inatoka humo? Walibishana mu vitabu na mu mikutano. Na jibu walikuwa nalo toka mwanzo. Walilipata hapa kwetu Uvira, mwaka 1858, toka kinywa cha Wavira wenyewe, na toka kwa mutu mumoja mufupi aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay.

Siku hizi mutu akitaka kutembelea milima ya inchi ya wengine, analipa, anaingizwa mu kikundi, na anapewa gide. Kuko wanaokwenda kuona gorila wa Kahuzi-Biega. Wengine wanapanda Rwenzori toka Mutwanga kusudi waguse barafu karibu na ikweta. Wengine wanavuka mupaka tu, kutazama viboko mu parke ya taifa ya Rusizi upande wa Burundi. Mbele ya kila kikundi kuko gide. Yeye njo anajua njia, njo anaongea na wenye inchi, njo anagawa chakula, na njo anagombezwa mvua ikinyesha. Wakisha kurudi kwao, picha zinaonyesha mulima na mugeni. Gide, kama anaonekana, ni mukono tu pembeni. Bombay alifanya ile kazi karibu miaka makumi mbili, wakati hakukuwa parke wala barabara. Wanaohesabu njia zake wanafika kilometa 9 600 hivi, nyingi kwa miguu. Mimi nafikiri kila gide wa Kongo angepaswa kujua jina lake, njo maana leo ninaandika juu yake.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 kwa Wayao, kule ambako leo Tanzania inapakana na Musumbiji. Jina alilopewa na wazazi limepotea. Mama yake alikufa mutoto angali mudogo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, wafanyabiashara wa pwani walifika na bunduki na panga, wakazunguka kijiji, wakadai deni zao zote zilipwe mara moja. Zilikuwa deni za nguo na ushanga ambazo watu walikopa zamani, wakati wa njaa. Nani angeweza kulipa ile siku? Wenye bunduki walijua vizuri kama hakuna. Kijiji kikavunjwa, wengine wakafa, wengine wakakimbia, na mutoto akatiwa minyororo pamoja na majirani mpaka Kilwa, halafu Unguja. Habari ya baba yake hakuisikia tena hata siku moja. Akauzwa kwa bei ya nguo, na bwana wake akamupeleka India.

Kule India alikaa miaka mingi. Njo alikopata majina ambayo tunamujua nayo. Sidi ni vile Waafrika waliitwa kule, Mubarak ni jina la baraka, na Bombay ni ule muji mukubwa wenye bandari ambao leo unaitwa Mumbai. Alikopata pia Kihindustani, na ile luga njo ilibadilisha maisha yake, kama tutakavyoona. Bwana wake alipokufa, Bombay aliachiliwa huru. Akarudi Unguja kwa meli, akaingia askari wa Sultani, akatumwa mu ngome ndogo ya Chogwe, karibu na Pangani. Hapo njo walimukuta, mwezi wa pili 1857, maofisa wawili Waingereza: Richard Burton na John Hanning Speke.

Burton alikuwa mwenye luga nyingi, Kiarabu alikisema sawa mwenyewe. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Lakini alitumika India, na alikuwa na Kihindustani kidogo cha jeshi. Bombay naye alikuwa nacho cha kwake, cha kuvunjika vilevile. Basi wakaelewana. Burton na Speke waliona mutu huyu mufupi, mwenye meno yaliyochongwa, anafanya kazi kuliko askari wengine wote, na hakai chini. Wakamwomba aache jeshi. Akasitasita. Walipomulipia deni lake, akakubali, kwa mushahara wa dola tano kwa mwezi. Tazama vile deni lilimutoa kwao mara ya kwanza, na deni likamuingiza mu kazi ya safari mara ya pili.

Musafara ulitoka Unguja mwezi wa sita 1857. Ulifika Kazeh, njo Tabora ya leo, mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa safari ya magonjwa, ya punda kufa na ya wapagazi kutoroka usiku. Burton alifika mahali hawezi tena kutembea, akabebwa. Speke macho yalimuuma mpaka akawa karibu kipofu. Tarehe 13 mwezi wa pili 1858 walipanda kilima juu ya Ujiji, na Burton akaona kitu kinangaa kule chini kati ya miti. Akauliza ni nini. Bombay akamujibu kama yeye anafikiri ni maji. Ilikuwa Tanganyika. Vitabu vinasema kama Burton na Speke walivumbua ziwa letu. Siku ile mumoja alikuwa anabebwa, mwingine haoni, na ule aliyewaambia kitu kile ni maji alikuwa Bombay.

Kabla ya kufika Uvira kulikuwa jambo dogo ambalo lilizaa yote. Mwezi wa tatu, Speke na Bombay walivuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge, upande wetu wa mangaribi, kumuomba Mwarabu mumoja, Sheikh Hamed bin Sulayyim, awakodishe jahazi lake. Jahazi hawakulipata. Lakini Speke alirudi Ujiji na habari iliyomufurahisha Burton sana. Hamed alisema, kufuatana na Speke, kama upande wa kaskazini wa ziwa kuko muto mukubwa unaotoka. Ujiji kulikuwa mwingine, Sayfu, ambaye alidai ameuona kwa macho yake. Kama kweli maji yalitoka kaskazini, basi yangeweza kwenda mpaka Nili, na Burton angekuwa mutu aliyepata mwanzo wa Nili, kitu wazungu walichotafuta toka zamani za Waroma.

Burton hakutaka kungojea. Alikuwa na vidonda vya ulimi, kula na kusema vyote vilimusumbua, lakini akalipa bei kubwa ya waya wa shaba na nguo kwa Kannena, mukubwa wa Kawele, kusudi awapeleke kaskazini na mitumbwi miwili. Mukubwa kati ya ile mitumbwi ulikuwa na urefu wa metre 18 hivi. Walipita pwani ya Burundi, wakakatiza mpaka Ubwari (Burton aliamini Ubwari ni kisiwa, mutu wa Fizi atacheka), kisha wakapanda na pwani yetu. Tarehe 26 mwezi wa ine 1858 waliingia Uvira, na watu wakashuka kuwatazama kwa ngoma na makelele.

Uvira ya wakati ule ilikuwa mwisho wa njia ya wafanyabiashara upande wa kaskazini. Vitu vilikuwa bei chini kuliko Ujiji: meno ya tembo, chakula, nguo za magome ya miti, vyuma vya wafuaji. Na watu. Uvira ilikuwa soko la watumwa, tuseme ukweli wetu. Bombay, aliyeuzwa mutoto, alikaa siku tisa pembeni ya lile soko akiwa mutu huru mwenye bunduki na mushahara.

Watoto watatu wa kiume wa mwami Maruta wa Uvira walikuja kusalimia wageni. Wageni wakauliza mara moja juu ya muto. Vijana wakajibu wanaufahamu, wamefika kule, na wako tayari kuwapeleka. Lakini Ruzizi haitoki mu ziwa. Inaingia. Na watu wote waliosimama pale wakakubali kama ni vile. Burton mwenyewe aliandika ginsi moyo wake ulivunjika.

Halafu wakamugeukia Bombay. Walipomuuliza bila haraka, alisema kama Speke hakumuelewa vizuri Sheikh Hamed: ule Mwarabu alisema juu ya muto unaoingia, si unaotoka. Akaongeza kama kwa mawazo yake Hamed hakufika hata siku moja mbele ya Ubwari. Na Sayfu, aliyeapa Ujiji kama ameona maji yakitoka, alikubali hapo Uvira kama hakuvuka Uvira maisha yake yote.

Hapa nasimama kidogo, maana hapa njo kuna moyo wa hadisi. Hamed aliongea, Bombay akageuza mu Kihindustani, Speke akasikia na Kihindustani chake cha kambi. Mahali gani maneno yaliharibika? Mutu anaweza kusema Bombay alitafsiri mubaya kisha akajitetea. Inawezekana. Lakini mimi mwenye kusema Kiswahili kila siku naona hatari nyingine. Ukisema kwa Kiswahili kama muto unatoka kule kaskazini, mutu wa Uvira anaelewa unakuja toka kule. Mugeni mwenye tamaa ya kusikia unatoka, anasikia unatoka, bas. Sina ushahidi, ni wazo langu. Jambo ambalo liko wazi ni lingine: Bombay angeweza kunyamaza. Wakubwa wake wote wawili walitaka muto unaotoka, na mutumishi anayependa bakshishi anajua kutoa jibu linalotakiwa. Yeye akasema kile alichoamini, na kilikuwa kweli.

Mutoni kwenyewe hawakufika. Wapiga kafi wa Kannena waliogopa Warundi, wakakataa kabisa kusonga mbele. Tarehe 6 mwezi wa tano mitumbwi ikageuka kurudi Ujiji. Toka Uvira mpaka mudomo wa Ruzizi leo ni njia ambayo mwanafunzi anamaliza na kinga kabla ya saa sita.

Mbele ya kuondoka, Speke alitazama milima. Unajua ginsi inavyokaa: huku kwetu ukuta wa Mitumba unaopanda mpaka Itombwe, kule mbele ya macho milima ya Burundi, na katikati bonde la Ruzizi. Speke aliona kama kiatu cha farasi kinachozunguka kichwa cha ziwa. Kisha, mu ramani yake, akaiandika ile kuwa Milima ya Mwezi, ile ya vitabu vya kale ambayo barafu yake inazaa Nili. Juu ya Uvira! Sisi tunaolala chini yake tunajua kuko baridi, kuko ukungu, kuko ngombe wa Banyamulenge mu nyanda za juu, lakini barafu hapana. Burton alimucheka sana kwa ile ramani. Milima yenye barafu iko zaidi ya kilometa 400 kaskazini, tutarudi huko.

Burton naye alifanya yake. Kiisha safari, Speke na Bombay waliondoka Tabora peke yao, Burton akiwa mugonjwa, na tarehe 3 mwezi wa munane 1858 walisimama mbele ya maji makubwa ya Nyanza, ambayo Speke aliyapa jina la malkia wake, Victoria. Speke akatangaza: Nili inatoka hapa. Burton hakumusamehe. Mwaka 1864, mu mwezi wa kenda, wote wawili walipaswa kubishana mbele ya watu mu muji wa Bath. Siku moja mbele, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwa anawinda. Mwaka ule ule Burton akachapisha kitabu ambamo aligeuka na kuandika kama Ruzizi inaweza kuwa inatoka mu Tanganyika kwenda kaskazini. Maneno ya watoto wa Maruta akayaweka pembeni. Ya Bombay vilevile. Yeye aliyeketi Uvira siku tisa na kusikia kwa masikio yake!

Bombay wakati ule alikuwa amekwisha kurudi toka safari nyingine, iliyo ndefu zaidi. Mwaka 1860 Speke alimuchukua tena, pamoja na mwenzake James Grant. Walipita Karagwe kwa mwami Rumanika, wakafika Buganda kwa kabaka Mutesa mwaka 1862, na tarehe 28 mwezi wa saba Speke aliona mahali ambapo Nili inatoka mu Nyanza, kule Jinja. Bombay alikuwa mutafsiri, mugawa posho, mutumwa mbele kwa wafalme. Toka Bunyoro alitumwa peke yake na watu kidogo kutafuta kituo cha wazungu upande wa kaskazini, mu inchi ambayo hajakanyaga, na alirudi na habari njema, amevaa nguo mupya alizopewa kule.

Mu safari ile njo Speke alimupiga. Walibishana juu ya kazi ya kambi, Bombay akashikilia wazo lake mbele ya wengine, na Speke akamurukia kwa ngumi. Speke aliandika ile jambo mwenyewe, kwa haya kidogo. Bombay aliondoka kambini, akasema hawezi kuvumilia vile, kisha akarudi kazini. Miaka kiisha, Stanley aliona bado pengo la meno mu kinywa chake.

Walishuka Nili mpaka Gondokoro mwezi wa pili 1863, kisha Misri. Kati ya watu wengi waliotoka Unguja, waliofika Kairo na Bombay walikuwa chini ya makumi mbili. Walipigwa picha kule. Warudishwa kwao kwa bahari, kupita Aden, Morisi na Shelisheli. Chama cha Jiografia cha London kikamutumia Bombay medali ya feza.

Mwaka 1871 akaja Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, aliyetafuta Livingstone. Alipofika Unguja aliuliza kwanza wako wapi watu wa Speke. Bombay akawa kapita wa askari kwa dola 80 kwa mwaka. Musafara ulikuwa na watu 192. Stanley alikuwa bwana mukali, wa fimbo, na Bombay aliionja ile fimbo zaidi ya mara moja. Hatuwezi pia kumufanya Bombay malaika. Alipenda pombe, alipoteza vitu, na alikuwa na kichwa kigumu. Mabwana wake wote waliandika vile, na Burton, ambaye mwanzo alimuona kuwa lulu ya musafara, alilalamika pia. Lakini tazama: kila mumoja aliyekuja kiisha mwingine, alisoma malalamiko ya wale wa mbele, na bado akamutafuta Bombay.

Mwezi wa kumi na moja ule, Stanley na Livingstone walipanda mutumbwi toka Ujiji kuja upande wetu, kumaliza neno la Ruzizi. Walikaa kwa mwami Ruhinga, Mugihewa, ambaye aliwaeleza mito yote inayotia maji mu Ruzizi na akawatajia ziwa la juu, Kivu. Kisha waliingia mudomoni mwa muto. Maji yalikuwa yanakuja mbele yao kwa nguvu, yanaingia ziwani. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita toka Wavira waseme neno lile lile bure, bila mutu kulipa chochote.

Sasa swali likabaki la upande wa pili. Kama maji ya Ruzizi, ya Malagarasi na ya mito yote yanaingia, yanatokea wapi? Hata hapo Bombay alikuwako. Mwaka 1873 ofisa wa bahari Verney Lovett Cameron alimufanya tena mukubwa wa musafara. Ilikuwa safari ya vifo. Wenzake wawili Waingereza walikufa mu mwaka ule wa kwanza, na Tabora walikutana na watu waliobeba maiti ya Livingstone. Cameron akaendelea. Mwezi wa tano 1874, akizunguka ziwa kwa mitumbwi, alifika pwani ya mangaribi, karibu na mahali ambapo leo ni Kalemie, akaona Lukuga: muto unaotoka. Ulikuwa umefunikwa na majani mpaka mutumbwi haukuweza kwenda mbali. Stanley alipofika pale mwaka 1876 alikuta umeziba kwa matope na mafunjo. Kiisha miaka kidogo kile kizibo kilikatika na maji yakakimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba na Kongo.

Ndugu musomaji wa Kalundu, ile si hadisi ya zamani tu. Kwa miaka hii ambayo ziwa limepanda na kuingia mu nyumba zetu, unasikia watu wakisema juu ya Lukuga, kama imeziba, kama inatosha. Tanganyika inakunywa toka mito mingi, lakini iko na mulango mumoja tu wa kutokea. Yule aliyekuwa pamoja na wa kwanza kuuandika mu ramani alikuwa ule ule aliyesema Uvira kama Ruzizi inaingia.

Toka hapo Cameron, Bombay na wengine walipita Manyema mpaka Nyangwe, wakanyimwa mitumbwi, wakashuka Urua kwa mwami Kasongo, wakangojeshwa miezi, na mwezi wa kumi na moja 1875 wakatokea bahari ya Atlantiki karibu na Benguela, mu Angola ya leo, wakiwa karibu kufa njaa. Bombay alikuwa na miaka 55 hivi. Alikuwa amekwisha kutembea na miguu bahari kwa bahari. Walipakiwa mu meli, wakazunguka chini ya Afrika, wakarudi Unguja mwaka 1876.

Nilisema tutarudi kwa milima ya barafu. Stanley, mu safari nyingine mwaka 1888, njo aliandika habari za Rwenzori kwa wazungu, ingawa Wakonjo na Wanande waliishi chini yake siku zote. Mwaka 1906 mutu wa jamaa ya mufalme wa Italia, Luigi Amedeo, alifika na kikundi kikubwa cha wapanda milima na wapagazi, akapanda kilele cha Margherita, metre 5 109, na akagawa majina. Mulima mumoja aliupa jina la Stanley. Mwingine la Speke, mwingine la Baker. Kwa hiyo Speke, aliyeweka Milima ya Mwezi juu ya Uvira, alipata mulima wake wa barafu mahali pa kweli, pasipo kufika. Upande wa Kongo yote ile iko leo mu parke ya Virunga, iliyoanza mwaka 1925 na jina la mufalme Albert. Watalii wanapita, gide anawaonyesha: ile Stanley, ile Speke, ile Baker. Mulima wa Bombay hakuna. Na barafu yenyewe inapungua mwaka kwa mwaka. Wazee wa Mutwanga waliona nyeupe pana kuliko ile vijana wanaona.

Mwaka 1876 Chama cha Jiografia kilikubali kumupa Bombay pansio mpaka kufa kwake. Hakuenda tena safari kubwa. Alikufa tarehe 12 mwezi wa kumi 1885, na miaka 65 hivi. Ni mwaka ule ule ambao pwani yetu, toka Uvira mpaka Moba, iliandikwa kuwa ndani ya Dola ya Leopold wa Pili, juu ya ramani zilizochorwa na mabwana wake.